Podikasti ya Washkaji: Stori za Katuni, Ulimi Wetu na Jani la Isale



Kabla hujaendelea, chukua Biblia yako usome polepole sehemu hizi tatu: Yoshua bin Sira 6:5-17, Yakobo 3:1-12 na Mathayo 5:21-24. Kama uko kwenye hiace na Biblia umeiacha nyumbani, tumia ya kwenye simu, hakuna neno. Somo hili unaweza kulisoma peke yako, au mkalisoma pamoja VIWAWA, TYCS au vijana wa jumuiya. Maswali yako mwishoni.

Leo tunaongelea jambo ambalo vijana wengi wanalitamani: kuanzisha podikasti na marafiki. Sisemi podikasti ya mahubiri wala ya biashara. Nasema ile ya kukaa watu watatu au wanne, mnapiga stori za anime, komiki, gemu na muvi mnazozipenda, mnacheka, mnarekodi, mnaweka mtandaoni. Basi. Je, kijana Mkatoliki anaweza kufanya hivyo bila kujisikia anapoteza muda ambao angeutumia kusali? Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu lina aibu yangu mwenyewe ndani yake, na nitaisimulia yote.

Tulivyoanza

Ilikuwa Desemba. Unajua Moshi ya Desemba: kila Mchagga aliyekuwa Dar, Arusha, Mwanza, amepanda nyumbani. Tulikuwa wanne, marafiki tangu komunyo ya kwanza, tumekutana Kibosho kwenye kihamba cha bibi wa mmoja wetu. Jioni baada ya mtori tulikuwa tunakaa chumba cha nyuma tunabishana. Nani ana nguvu kuliko nani kwenye Dragon Ball. Kwa nini One Piece haiishi. Kama Black Panther ya 2018 ilitutendea haki Waafrika au ilitupamba tu. Na ile Kizazi Moto ya mwaka 2023, filamu fupi kumi za katuni zilizotungwa na Waafrika wenyewe, ipi kali kuliko zote.

Mmoja akasema, "Jamani, haya mabishano tunayamwaga bure. Tuyarekodi."

Tukarekodi. Simu moja juu ya stuli, magodoro mawili yameegemezwa ukutani, dirisha limezibwa na blanketi. Kipindi cha kwanza kina jogoo, kina bibi anayeita mtu aende kukata majani ya ng'ombe, kina bodaboda anayepandisha kilima. Tulikipenda hivyo hivyo.

Na wala hatukuwa wa kwanza kupenda kitu cha namna hiyo. Waulize kaka zako waliokulia kwenye vibanda vya video. Watakusimulia sauti ya Lufufu, yaani Derek Mukandala, ambaye alijulikana Tanzania kwa kuzitafsiri filamu za nje kwa Kiswahili, akiongeza chumvi na maelezo yake mwenyewe juu ya picha. Watu walikuwa wanaingia kumsikiliza yeye kama walivyoingia kuangalia muvi. Kwetu hadithi haijakamilika mpaka mtu wa kwetu aisimulie na wengine waichangie. Podikasti ya washkaji inafanya kazi hiyo hiyo, ila inabebwa na simu.

Kucheza nako kuna fadhila

Wapo watakaokuambia kuwa mambo ya katuni na gemu ni utoto, au mabaya zaidi, ni mlango wa shetani. Tusikilize Kanisa linasemaje.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwalimu mkubwa wa karne ya 13, aliuliza swali hili moja kwa moja kwenye Summa Theologiae (sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 168, kifungu cha 2): je, inaweza kuwepo fadhila katika michezo? Akajibu kwamba inaweza. Mwili ukichoka unahitaji kupumzika, na roho nayo huchoka, hasa ya mtu anayetumia akili sana. Pumziko la roho ni furaha, na michezo huileta. Anasimulia pale habari ya zamani juu ya Mtakatifu Yohane Mwinjili. Watu walikwazika kumkuta akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde arushe mshale, kisha mwingine, na mwingine. Halafu akamuuliza kama anaweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule mtu akasema hapana, upinde utavunjika. Yohane akamjibu kuwa na roho ya mtu ni vivyo hivyo, isipolegezwa itavunjika.

Kwa hiyo, mpendwa, ukicheka na marafiki zako kwa saa moja Jumamosi jioni hujamwibia Mungu kitu.

Tuna pia mashahidi wa karibu. Tarehe 7 Septemba 2025, Baba Mtakatifu Leo XIV aliwatangaza watakatifu vijana wawili kwa siku moja. Wa kwanza ni Carlo Acutis, aliyezaliwa London mwaka 1991, akakulia Milano, akafariki kwa saratani ya damu tarehe 12 Oktoba 2006 akiwa na miaka 15. Carlo alipenda kompyuta, alicheza PlayStation, na ujuzi wake wa kompyuta aliutumia kukusanya habari za miujiza ya Ekaristi na kuziweka kwenye tovuti. Lakini gemu alijiwekea kikomo: saa moja kwa wiki. Wa pili ni Pier Giorgio Frassati wa Torino (1901-1925), mpanda milima. Sisi wa chini ya Kibo huyu tungemwelewa haraka. Mwaka 1924 yeye na rafiki zake waliunda kikundi wakakiita Tipi Loschi, jina la utani lenye maana kama "watu wa kutiliwa shaka". Walipanda milima, walitaniana, walicheka sana, na waliombeana.

Ona basi: mmoja na kompyuta yake, mwingine na washkaji zake mlimani. Wote wawili wako altareni.

Marafiki wanaofungua daftari

Nakupa mfano mmoja zaidi, maana ndio utakaotupeleka kwenye kiini cha somo.

Kama unapenda hadithi za mazimwi, mapanga na falme za kubuni, jua kwamba karibu zote zina deni kwa Mkatoliki mmoja, J. R. R. Tolkien. Alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Baadaye akawa mwalimu wa chuo kikuu Oxford, Uingereza. Huko, miaka ya 1930 na 1940, yeye na rafiki yake C. S. Lewis walikuwa na kikundi kilichoitwa Inklings. Hakikuwa chama rasmi. Walikutana Alhamisi usiku chumbani kwa Lewis, na siku nyingine asubuhi kwenye baa moja ya pale mjini. Mtu alileta alichoandika, akakisoma kwa sauti, wengine wakasikiliza, wakakosoa, wakacheka. Ukitaka kusema, ilikuwa podikasti isiyo na kinasa sauti.

Tolkien alianza kuandika The Lord of the Rings mwishoni mwa mwaka 1937. Kitabu kilitoka mwaka 1954 na 1955. Hesabu mwenyewe miaka hiyo. Mara nyingi alikwama, na hata ndani ya kile kikundi hakosi mtu aliyechoshwa na hadithi zake. Lakini baadaye alikiri mwenyewe kwamba bila Lewis kumtia moyo na kumdai sura inayofuata, asingekimaliza kitabu kile.

Shika jambo hili. Rafiki alisikiliza kazi ambayo bado haijaiva, akasema endelea, na daftari likabaki wazi. Sasa nikusimulie sisi tulivyofanya.

Kipindi cha saba

Vipindi sita vya mwanzo vilisikilizwa na watu ambao wasingejaza hiace moja. Ndugu, wanajumuiya, binamu mmoja aliyeko Muscat. Hatukujali. Au tulisema hatujali.

Yule wa nne wetu ndiye mchoraji. Kwa muda mrefu alikuwa anachora komiki kwenye daftari la kurasa nyingi, hamwonyeshi mtu. Siku moja akatuonyesha sisi watatu. Hadithi ilikuwa ya msichana wa Kibosho anayesikia maji yakizungumza kwenye mfongo, ile mifereji ya asili ambayo wazee wetu waliichimba kuteremsha maji ya mlima mpaka vihambani. Michoro ya mikono ilikuwa haijakaa sawa, na maneno mengine yalikuwa mazito kuliko hadithi yenyewe. Lakini ilikuwa yake. Alituambia, "Msimwambie mtu, bado sijamaliza."

Wiki iliyofuata hakuja kurekodi, alikuwa anamuuguza mama yake. Tukawa watatu, hatuna mada. Mmoja wetu alikuwa amepiga picha kurasa chache. Yule mmoja ni mimi.

Tukaanza kwa utani. Nikasoma maneno ya yule msichana kwa sauti nyembamba ya kuigiza. Mwenzangu akaigiza maji. Hatukumtaja jina, lakini tulitaja shule aliyosoma na jinsi anavyotembea, na Kibosho nzima inamjua mtu kwa mwendo wake. Tulicheka mpaka machozi. Dakika ishirini na tano za kumcheka rafiki asiyekuwepo, kwa kazi aliyotuamini nayo.

Kipindi kile kilisambaa. Watu walikata vipande wakaweka status. Mtu tusiyemjua alitusimamisha stendi ya Moshi mjini akaigiza ile sauti nyembamba. Kwa mara ya kwanza tulijiona tuna wasikilizaji, na nakiri mbele yako kwamba nilifurahi.

Yeye hakusema kitu. Aliacha tu kuja. Mdogo wake ndiye aliyetuambia kuwa daftari limefungwa, limewekwa juu ya kabati, na kalamu zake amewagawia watoto.

Masharti matatu ya Mtakatifu Thoma

Nilipokuja kuisoma tena ile sehemu ya Mtakatifu Thoma, niliona kuwa sikuwa nimeimaliza. Baada ya kusema michezo inaweza kuwa na fadhila, anaweka masharti matatu. Nayaeleza kwa maneno yangu:

1. *Furaha isitafutwe kwenye maneno au matendo machafu au yanayomuumiza mtu.* Hili analitaja la kwanza na kubwa kuliko yote.
2. *Mtu asijiachie mpaka akapoteza kabisa utulivu wa roho.* Kuna kucheka, na kuna kule kucheka ambako hujui tena unasema nini.
3. *Mchezo umfae mtu, wakati na mahali.* Si kila jambo ni la kila mtu wala la kila saa.

Sisi tulivunja yote matatu ndani ya dakika ishirini na tano. Tulimuumiza mtu. Tulijiachia. Na jambo lililofaa kubaki chumbani kati ya marafiki wanne tulilitoa hadharani.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, inapoeleza Amri ya Nane, inasema wazi kwamba heshima ya jina la mtu inatakiwa kulindwa, na inataja makosa matatu (namba 2477). Kuna hukumu ya haraka, yaani kumdhania mtu mabaya bila msingi wa kutosha. Kuna umbea, yaani kufichua makosa ya mtu kwa wasioyajua, bila sababu ya haki, hata kama ni kweli. Na kuna masingizio, yaani kumsemea mtu uongo unaomharibia jina. Angalia lile la pili. Wengi tunajitetea, "Lakini si ni kweli?" Michoro ya mikono kweli ilikuwa haijakaa sawa. Ukweli huo haukutupa ruhusa.

Mtakatifu Yakobo anaulinganisha ulimi na moto mdogo unaowasha msitu mkubwa. Sisi tunaoishi chini ya mlima huu tumeshaona kiangazi moto ukipanda juu. Hakuna anayeuuliza ulianzishwa na nani. Kinachotafutwa ni watu wa kuuzima.

Kufuta hakutoshi

Tulikifuta kipindi. Tukadhani yameisha. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Podikasti ikishapakuliwa iko kwenye simu ya mtu, na kipande kilichotumwa WhatsApp kina safari zake.

Katekisimu namba 2487 inafundisha kwamba kila kosa dhidi ya haki na ukweli linadai malipizi, hata kama aliyekosa ameshasamehewa. Yaani ukienda Kitubio, Mungu anakusamehe kweli kweli, lakini deni kwa jirani uliyemharibia bado unalo, na unapaswa kulilipa kadiri unavyoweza. Ukiiba ng'ombe, msamaha haumrudishi ng'ombe zizini. Ukiiba jina la mtu ni vivyo hivyo.

Tulimtumia ujumbe mrefu wa kuomba radhi. Aliusoma, hakujibu. Tukampelekea ujumbe wa sauti. Kimya. Ndipo bibi mwenye kihamba alipotuona tumekaa tumenyong'onyea akatuuliza. Tukamweleza.

"Mmemwomba msamaha kwa nini?" akauliza.

"Kwa simu, bibi."

"Simu si ndiyo iliyomtukana? Nendeni kwa miguu."

Akatoka nje, akaenda mpakani mwa kihamba, akakata jani la isale.

Kama hutoki huku kwetu, nikueleze. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani ambao Wachagga tunaupanda kwenye mipaka ya vihamba na kwenye makaburi. Ni huo huo unaotumika kuomba msamaha. Aliyekosa hupeleka jani la isale kwa aliyemkosea. Anayeletewa isale, kwa desturi yetu, si rahisi kukataa kusamehe, kwa hiyo hulibebi hovyo. Isale halichukui nafasi ya Kitubio, na bibi yetu, mwanajumuiya wa miaka mingi, anajua hilo kuliko mimi. Lakini ni lugha ya nyumbani ya kufanya kile ambacho Bwana wetu anakiagiza katika Mathayo 5: ukikumbuka kuwa ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka yako mbele ya altare, nenda kwanza ukapatane naye.

Mmea mmoja unaonyesha mpaka na unaomba msamaha. Sisi tuliuvuka mpaka, ikatubidi tulibebe jani lake.

Tulikwenda watatu kwa miguu. Mama yake alikuwa amepata nafuu, amekaa barazani. "Shikamoo mama." "Marahaba wanangu." Alikuwa amekisikia kile kipindi. Alitukaribisha hivyo hivyo, na hilo liliniuma kuliko angetufukuza.

Nilitaka kueleza kwamba ulikuwa utani, kwamba hatukumaanisha. Nikakumbuka kuwa maneno yangu ndiyo yaliyotufikisha pale. Nikasema tu, "Nilipiga picha daftari lako bila ruhusa. Nikakucheka mbele za watu. Nisamehe." Nikampa jani. Alilishika muda mrefu bila kusema. Kisha akasema, "Nimewasamehe. Ila msiniulize habari za daftari."

Hatujamuuliza. Amerudi kwenye jumuiya, tunasalimiana, siku nyingine tunacheka. Daftari hatujaliona tena. Ningependa kukuambia kuwa sasa anachora na komiki imechapishwa, lakini haijawa hivyo. Ninaliombea daftari lile kila Misa, wakati wa matoleo.

Ukitaka kuanza: mambo ya kazi

Sijakusimulia haya ili uogope. Baada ya miezi kadhaa ya kunyamaza tulianza upya, na tunaendelea. Haya ndiyo tuliyojifunza.

*Kaeni kwanza, mpatane mipaka.* Kabla ya kinasa sauti kuna mazungumzo. Sisi tuna mipaka mitatu, imeandikwa ukutani: hatumsemi mtu asiyekuwepo namna ambayo tusingemsema akiwepo, siri ya chumbani haitoki, na yeyote kati yetu akisema "hili tulikate," linakatwa bila kesi. Mkosoeni mwandishi wa muvi, mpangaji wa gemu, msanii aliyeitoa kazi yake hadharani. Hilo ni halali, mradi mseme juu ya kazi na si juu ya utu wake. Kazi ya rafiki ambayo haijaiva mkosoeni chumbani, mkianza na kilicho kizuri.

*Chumba.* Huhitaji studio. Chumba kidogo chenye magodoro, mapazia na nguo kinameza mwangwi. Adui mkubwa wa huku kwetu ni bati. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua ikianza hamsikilizani hata kwa kupiga kelele, basi rekodini asubuhi kabla haijaanza, au msubiri. Simu iwekeni kwenye hali ya ndege ili isiite katikati, na iwe karibu na mdomo, kiasi cha shubiri moja na nusu. Mkiwa na simu zaidi ya moja, kila mtu ajirekodi kwa yake, pigeni kofi moja mwanzoni, halafu tumieni kofi hilo kupanga sauti zote ziende pamoja.

*Kuhariri.* Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha kabisa. Usikate kila "eeh" na kila kicheko. Kata panapochosha, na kata kwa uoga mtakatifu panapoumiza. Aliyehariri asikilize mara moja akijifanya yeye ndiye anayesemwa.

*Bando.* Wasikilizaji wako wananunua bando kwa shida. Sauti za watu wanaoongea tu hazihitaji ubora wa muziki. Kipindi cha dakika 30, chaneli moja, kwa kilobiti 64 kwa sekunde, kinachukua takriban megabaiti 14 tu. Ukikiweka kwa kilobiti 128 kinakuwa mara mbili yake, na sikio haliwezi kutofautisha sana.

*Haki na sheria.* Wimbo wa msanii au kipande cha filamu kina mwenyewe. Msiweke bila ruhusa, tengenezeni mlio wenu, hata wa kugonga sufuria. Tanzania ina kanuni za maudhui ya mtandaoni tangu mwaka 2018, zilizobadilishwa mwaka 2020 na tena 2022. Kabla hamjarusha kitu, someni TCRA wanasema nini kwa sasa kuhusu aina ya maudhui yenu. Kwa Mkristo kutii sheria halali ni sehemu ya haki. Na kama kuna aliye chini ya miaka 18, mzazi ajue na akubali.

*Muda.* Kumbuka saa moja ya Carlo. Wekeni kikomo: siku moja, saa fulani, mwisho. Mtihani ukikaribia simamisheni. Dominika Misa kwanza. Mkiona mnaanza kugombana kuhusu podikasti kuliko mnavyoifurahia, pumzikeni mwezi mmoja.

*Hesabu za wasikilizaji.* Mpeni mmoja wenu kazi ya kuziangalia mara moja kwa mwezi. Zile namba zilinidanganya. Kipindi kibaya kuliko vyote tulivyowahi kufanya ndicho kilichosikilizwa kuliko vyote. Anayepima wema wa maneno yake kwa idadi ya masikio atafika tulipofika sisi.

*Je, lazima tumtaje Yesu kila kipindi?* Hapana. Tolkien hakumtaja kwenye hadithi yake, na bado kazi ile ilitoka kwenye roho iliyosali. Ongeeni habari za katuni kama katuni. Lakini kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi, fanyeni ishara ya msalaba. Ni vigumu sana kumcheka rafiki yako kwa ukatili sekunde kumi baada ya ishara ya msalaba. Sisi kile kipindi cha saba hatukuifanya.

Maswali ya kutafakari

1. Katika marafiki zako, nani amekuonyesha "daftari" lake, yaani ndoto, kazi au siri ambayo bado haijaiva? Umelifanyia nini?
2. Soma tena Yoshua bin Sira 6:14-17. Rafiki mwaminifu anafananishwa na nini? Wewe ni rafiki wa namna hiyo kwa nani?
3. Katika masharti matatu ya Mtakatifu Thoma, ni lipi unalolivunja mara nyingi zaidi ukiwa mtandaoni au kijiweni?
4. Umewahi kukiungama kitu Kitubioni lakini malipizi kwa mtu hujayafanya? Kinakuzuia nini?
5. Kwa kabila lenu au familia yenu, msamaha unaombwaje? Kuna nini ndani ya desturi hiyo ambacho Injili inakifurahia?

Zoezi la wiki

Fungua simu yako. Tafuta kipande kimoja, picha moja au ujumbe mmoja wa kumcheka mtu ambaye hakukupa ruhusa. Ufute. Kisha, kama anakujua na inawezekana, nenda kwa miguu. Ujumbe usitangulie. Na mtafute rafiki mmoja mwenye daftari lililofungwa, umwambie maneno ambayo Lewis alimwambia Tolkien kwa namna nyingi: endelea, nataka kujua kinachofuata.

Sala

Ee Bwana Yesu, uliyewaita wafuasi wako marafiki, tunakushukuru kwa zawadi ya kucheka pamoja. Weka mlinzi kinywani mwetu tunapozungumza, na zaidi tunaporekodi. Utusamehe tulipoufanya utani kuwa jiwe. Uwaponye wale tuliowafungia madaftari, na wapate tena ujasiri wa kuyafungua, hata kama sisi hatutayaona. Mtakatifu Carlo Acutis na Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, mtuombee, ili meza zetu, simu zetu na vijiwe vyetu viwe mahali ambapo mtu hukua. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Tukutane somo lijalo. Na kama unaanza podikasti Jumamosi hii, rekodi kabla ya mvua.